Mnyoo Asiyejitengenezea Mafuta

Siku mliyoniaga pale ofisini mliniomba niseme neno kwa vijana wanaobaki. Nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na mgeni rasmi alikuwa ameshasema ya kututosha wote. Tangu hapo nimepata muda. Migomba haihitaji kukaguliwa alfajiri, na mume wangu amekwisha kuniomba mara mbili nitafute kazi nyingine kando ya kumkosoa anavyopogoa mibuni. Basi nimechukua daftari lililobaki kabatini, naandika.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua, na hakuna jipya la kuwaambia hapo. Nitasema juu ya kazi yenyewe: visu, maini, na mnyoo mmoja bapa ambaye kwa ajili yake nusura nimharibie mtoto wa watu masomo yake.

Nilikuwa mkaguzi wa nyama. Watu waliniita daktari, kama wanavyomwita kila anayevaa gambuti na kukaa karibu na ng'ombe, ingawa cheti changu ni cha afisa mifugo msaidizi na sijawahi kudai zaidi. Nilianzia Kimuli, kwenye karo la machinjio lenye paa la bati upande mmoja na upande wa pili mbingu. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe jipya, limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Wachinjaji walinitazama wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kucheka. Kufikia saa mbili asubuhi koti lile halikuwa na mahali peupe pa kushika.

Aliyenipokea ni Mzee Respicius, mkaguzi aliyenitangulia, mfupi, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Hakunipa kisu. Alinipa ini la ng'ombe, akaniambia nifumbe macho nilipapase. Nikalipapasa. Akanipa la pili, la tatu, la nne.

"Lipi bovu?" akauliza.

Nikasema la tatu. Lilikuwa na ugumu kwa ndani, kana kwamba mtu amepitisha kamba chini ya ngozi yake.

"Sasa fumbua macho ulikate."

Nilipokata, kisu kilikwaruza. Mirija ya nyongo ilikuwa imekakamaa kama chokaa, na nilipoiminya ikatoka minyoo ya ini, bapa, rangi ya kahawia, mmoja baada ya mwingine, kama majani ya chai yaliyolowa. Walikuwa wanajikunja bado. Nikarudi nyuma hatua moja nikamkanyaga mchinjaji mmoja mguu. Mzee Respicius alisema kwamba nitawazoea, na kweli niliwazoea, hata nikafika mahali pa kunywa chai nikiwa nimewaweka kwenye sahani ya pembeni. Msifanye hivyo.

Kutoka kwake nilijifunza mengi ambayo chuoni hayakuwepo. Papasa kabla ya kukata. Sikiliza kisu, kwa sababu mrija mgumu utausikia kabla hujauona. Ini ukilikataa, litie dawa palepale na lizikwe ukiwa unatazama, la sivyo utakutana nalo jioni kwenye bakuli la mtu. Na andika ulichokiona, si anachotaka mwenye ng'ombe.

Alinifundisha pia kunoa, na hapa nisomeni vizuri. Kila asubuhi Mzee Respicius alinoa kisu kwenye jiwe, halafu kwenye chuma, halafu akachukua kipande cha shahamu ya figo kilichotundikwa kwenye msumari ukutani, akakisugua kwenye bapa la kisu, upande huu na upande ule, mpaka kikang'aa. Ng'ombe wa kwanza akichinjwa, alikata kipande kipya cha kesho yake. Karo zima lilifanya hivyo. Sikumuuliza kwa nini. Nilimwiga, na alipostaafu akaniachia jiwe na msumari, nami nikaendelea hivyo kwa miaka thelathini na ushei, Kimuli na Mabira na tena Kimuli, bila kukosa hata asubuhi moja.

Kuhusu minyoo ya ini, ugomvi wangu mkubwa ulikuwa na mchinjaji mmoja aitwaye Novatus. Alikuja karoni akiwa kijana mwenye mdomo, na mdomo huo anao hadi leo. Mara ya kwanza nilipolikataa ini lake alisimama mbele yangu na lile ini mikononi kama mtu amebeba mtoto.

"Daktari, si utoe minyoo, ini libaki?"

"Ukiitoa yote, litabaki tundu tupu."

"Basi nitauza matundu."

Tulibishana namna hiyo kwa muda mrefu, mpaka siku moja alipolileta ini mwenyewe, akaniambia, "Daktari, hili usilikate. Nimelipapasa." Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndipo alipokuja Zaituni. Ni binti wa Kayanga, baba yake ana duka la vitambaa, na bibi yake aliletwa huku kuolewa kutoka Pangani. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili, na alihitaji minyoo ya ini iliyo hai. Afisa wangu alimleta karoni akiwa amevaa viatu vya wazi. Nikampa gambuti zangu za akiba. Zilimzidi, akajaza matambara kwenye vidole, akasema ziko sawa. Nilimpenda kuanzia hapo.

Asubuhi ya kwanza, wakati wa chai, Novatus alimuuliza mtu mwenye akili zake anamtafutia nini mnyoo.

"Natafuta mafuta yake," Zaituni akasema.

Novatus alinitazama. Nikainua mabega.

"Huyu mnyoo hajui kujitengenezea mafuta," akaendelea. "Sisi tukila ugali mwingi, mwili unaugeuza mafuta. Ng'ombe anakula majani, ananenepa. Huyu hawezi. Asidi za mafuta anazozihitaji anazichukua kwa ng'ombe, zikiwa tayari zimetengenezwa."

"Kumbe mwizi," Novatus akasema.

"Mpangaji asiyepika," nikasema mimi.

Zaituni alicheka. Alitueleza kwamba kuzichukua si kazi, kazi ni kuzisafirisha. Mafuta na maji hayaelewani, na ndani ya mwili wa mnyoo ni majimaji. Kwa hiyo mnyoo ana protini ndogondogo za kubebea. Kila moja inaishika asidi ya mafuta, inaificha ndani yake isiguswe na maji, inavuka nayo hadi inakotakiwa.

"Bodaboda," Novatus akasema.

"Bodaboda. Anapakia abiria mmoja, wakati mwingine wawili."

"Za Mabira zinapakia watatu na mbuzi. Na hao abiria wanashukia wapi?"

"Wengine kwenye ngozi yake. Ngozi inachakaa kwa nyongo na kwa kinga za ng'ombe, lazima aikarabati kila wakati. Wengine kwenye mayai. Anataga maelfu kwa siku, mzee wangu, na kila yai linahitaji utando na akiba yake."

Nilimuuliza kama mnyoo anayachoma hayo mafuta kupata nguvu, kama sisi tunavyofanya njaa ikizidi.

"Hapana, mama. Huko kwenye nyongo hewa ni haba, mafuta hayachomeki. Nguvu anaitoa kwenye sukari. Mafuta kwake ni matofali, si kuni."

Miaka thelathini na ushei nimeminya minyoo ile itoke kwenye mirija, na sikuwahi kujua hilo. Swali lake mwenyewe lilikuwa hili: je, mnyoo anapokea kila asidi inayopita mbele yake, au anachagua? Angelinganisha mafuta ya nyongo na mafuta ya mnyoo aone. Ikiwa anachagua, basi zile bodaboda zina viti vyenye umbo maalumu, na kiti chenye umbo maalumu kinaweza kuzibwa. Ukikiziba, mnyoo hatagi, mayai hayafiki malishoni, majani ya bondeni yanabaki salama, na mfugaji hategemei dawa ya kunywesha peke yake. Novatus alisema yeye angenunua hiyo dawa hata leo.

Tulipanga kazi. Yeye alikaa kwenye kile chumba kidogo cha stoo, akipasha maji ya chumvi yawe na joto la mwili wa ng'ombe, kwa sababu mnyoo akipata baridi anakufa. Mimi karoni nilivaa glovu mpya alizonipa, nikafungua mirija kwa kisu changu, nikamletea minyoo ndani ya chupa. Aliiosha mara tatu. Maji ya mwisho ya kuoshea hakuyamwaga. Aliyatia kwenye kichupa chake, akayaita shahidi. Maji yale yalitakiwa yawe hayana mafuta yoyote, ndipo ijulikane kwamba mafuta yatakayoonekana ni ya mnyoo na si ya uchafu. Kisha vichupa vyote viliingia kwenye mtungi wa nitrojeni tulioazima kwa mhimilishaji wetu, ule wa kuhifadhia mbegu za madume. Tuliubandika karatasi kubwa, maana sikutaka ng'ombe wa mtu apandishwe minyoo.

Miezi miwili tulifanya hivyo, siku tatu kwa wiki. Mtungi ukaenda chuoni kwa basi, Zaituni akaupakata njia nzima kama mgonjwa.

Baada ya wiki chache alirudi, na nilipomwona akishuka kwenye pikipiki nilijua kuna jambo. Hakunisalimia shikamoo mara moja kama kawaida yake. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipa simu nisome ujumbe wa profesa wake. Maji ya mwisho yalikuwa na mafuta, yote, kila kichupa. Kwa hiyo kazi ya miezi miwili haikuwa na maana. Profesa hakumtukana. Aliandika tu kwamba hawezi kutia saini mpaka ijulikane kwa maandishi mafuta yale yametoka wapi, na mpaka zipatikane sampuli nyingine kabla ya mwisho wa mwezi. Muda wake wa masomo ulikuwa umeshaongezwa mara moja, baada ya kuugua. Usingeongezwa tena. Mwezi ukiisha bila sampuli, angerudi Kayanga kupima vitambaa dukani kwa baba yake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni mafuta ya bibi."

Bibi yake humpa mafuta ya nazi ya kujipaka, na alijipaka kila asubuhi. Aliamini yamepenya kwenye glovu. Na mimi, nasema hili kwa aibu, nilimpa hotuba. Nilimwambia maabara haitaki urembo. Nilimwambia usafi unaanzia nyumbani. Nilisema na mengine ya namna hiyo, na sauti nikaipandisha kidogo ili Novatus naye asikie. Zaituni aliinamisha kichwa, akaacha kujipaka. Kwa yale maji ya chumvi na sabuni, mikono yake ikapasuka kwenye viungo vya vidole kwa siku nne tu.

Profesa alipoambiwa habari za nazi alijibu kwa kifupi. Si nazi. Ni mafuta magumu ya ng'ombe.

Tukaanza kutafuta upya. Zaituni akawaza pengine minyoo yenyewe inatapika. Tukawaza vichupa. Tukawaza sabuni ya mche. Alienda Kayanga kutafuta vichupa vingine, nami asubuhi iliyofuata nikaja kazini peke yangu, nikanoa kisu kwenye jiwe, nikanoa kwenye chuma, mkono ukaenda ukutani.

Nilikuwa nimeshasugua upande mmoja nilipojiona. Kipande cha shahamu kilikuwa mkononi mwangu. Bapa la kisu linang'aa. Kisu hicho hicho ndicho nilichofungulia kila mrija, kwa ustadi wangu wote, nikimpaka kila mnyoo mafuta magumu ya ng'ombe kabla hajaingia kwenye chupa. Niliketi. Zaituni alikuwa ameshakiona kipande kile ukutani, nilikumbuka, na aliniambia mbwa wa karo hili wana bahati, akidhani kimewekewa wao.

Nitawaambia ukweli. Wazo la kwanza halikuwa kumpigia simu. Wazo la kwanza lilikuwa kuung'oa msumari, kuchemsha kisu na kunyamaza. Nimebakiza miezi michache nistaafu, kata nzima inanijua kwa usafi, na nimemhubiria mtoto yule mpaka mikono yake imepasuka. Lakini profesa alitaka sababu kwa maandishi, na sababu nilikuwa nayo mimi. Ningekaa nayo, yeye angekosa. Siku mbili sikula vizuri. Mume wangu aliuliza kama ni malaria.

Jumapili baada ya ibada nilipanda pikipiki hadi Igurwa kwa Mzee Respicius. Kwa nini nilienda kwake kwanza, najua: nilitaka tugawane kosa. Nilimkuta ameketi mlangoni anatafuna punje za kahawa, amezeeka sana lakini macho yako palepale. Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza yote, mnyoo, protini na profesa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kisu changu mimi kilikuwa cha springi ya lori," akasema. "Fundi wa Nkwenda alinifulia. Kikilala na nyongo, asubuhi kimeota kutu. Ningefanyaje? Nikawa napaka. Cha kwako unacho hapo?"

Nilikuwa nacho kwenye mkoba. Nikampa. Alikigeuza kwenye mwanga, akakipitisha kidole.

"Hiki ni kile cha serikali?"

"Ndiyo, mzee. Chuma kisichoshika kutu."

"Hakijawahi kuota kutu?"

"Hakijawahi."

"Sasa waitu," akasema taratibu, kwa lile neno letu la heshima, bila hata kucheka, "miaka yote hiyo ulikuwa unakipaka kwa nini?"

Nikakipokea kisu, nikakirudisha mkobani. Binti yake alileta chai, tukanywa, tukaongea habari za magonjwa ya migomba. Nilipoondoka alinishika mkono akaniambia, "Mwambie mtoto, mwana wange. Kesho, si keshokutwa."

Nikamwambia Jumatatu, kwenye kile chumba cha stoo, nikiwa nimesimama. Nilisema kosa ni langu, si la nazi ya bibi yake, na hotuba ile naomba anisamehe. Zaituni akaitazama mikono yake. Nilijua anayo haki ya kusema lolote. Alichosema ni, "Mama, utaweza kuliandika hilo?"

Nikaliandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya ofisi. Profesa, mimi mkaguzi wa nyama wa karo hili, nimekipaka kisu changu shahamu ya figo ya ng'ombe kila asubuhi ya kazi tangu nilipofundishwa. Kisu hicho ndicho kilichofungua mirija. Kosa si la mwanafunzi. Nikatia saini na muhuri, ule ule wa kupigia nyama nzuri, kwa kuwa mwingine sikuwa nao. Akaipiga picha akaituma. Jioni profesa alijibu kwamba sababu imekubaliwa, na kwamba tarehe ya mwisho inabaki palepale. Zilibaki siku tatu za kuchinja.

Siku ya kwanza tulichemsha mikasi ya kufungulia mirija badala ya kisu, tukang'oa msumari, Novatus na wenzake wakakubali kuacha shahamu, kwa kulalamika sana. "Kisu kikavu kama cha mwanafunzi," walisema. Ng'ombe wote walitoka milimani, maini yao yakawa mazuri kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani niliyachukia maini mazuri. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Zaituni alimwaga maji yake ya chumvi.

Novatus alichukua pikipiki yake, akashuka Mabira, kule bondeni ambako ng'ombe wanakunywa kwenye matope yenye konokono, wale wanaolea watoto wa mnyoo. Alirudi na habari za ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu, amekonda, amevimba maji chini ya taya. Kila mfugaji anaijua hiyo dalili ya minyoo ya ini. Mwenye ng'ombe alikuwa amepanga kumuuza kwa vyovyote, ila mwezi ujao. Sijui Novatus alimwambia nini. Najua tu kwamba siku ya tatu, siku ya mwisho, ng'ombe yule alikuwa karoni.

Nilikuwa stoo nikitoa mikasi kwenye sufuria nilipomsikia Novatus akiniita kwa furaha.

"Daktari, njoo uone, wamejaa tele. Nimeshakufungulia."

Nilitoka nikamkuta ameshika ini lililopasuliwa katikati, na kisu chake mkononi kinang'aa. Alikuwa amekipaka. Si kwa ubaya, maskini. Alikuwa amekinoa kwa ajili ya siku kubwa, na mkono wake ukafanya kama mkono wangu ulivyofanya maisha yote. Msumari haukuwepo, akakata shahamu kwenye figo la ng'ombe yule yule. Aliponiona uso alikitazama kisu, akaelewa.

"Liweke chini, Novatus," nikasema. "Usilisogeze."

Zaituni alikuja akachuchumaa kando yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu ya glovu. Nikafumba macho nikalipapasa lile ini, kama siku yangu ya kwanza Kimuli. Upande wa kulia ulikuwa umeharibika wote. Lakini chini upande wa kushoto, mbali na mkato, nilisikia mrija mmoja mnene ambao kisu hakikuufikia. Nikaomba mkasi. Nikakata nyama pembeni pembeni, nikabadilisha mkasi kabla ya kuugusa mrija wenyewe, nikaufungua kidogo tu, nikauminya kutoka chini. Akatoka mmoja. Zaituni akampokea kwa koleo. Akatoka wa pili. Tulihitaji kumi. Tulipata kumi na mmoja, wote wanajikunja. Aliwaosha mara tano, akakinga maji ya mwisho, akapanda basi la mchana.

Majibu yalikuja wiki yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa karoni, Novatus ananiminyia mrija fulani, simu ikaita. Zaituni hakusalimia.

"Maji ya mwisho hayana mafuta, mama. Hakuna hata chembe. Na minyoo inayo, tena si kama ya nyongo. Wanachagua. Profesa ametia saini."

Nilimwambia arudie, akarudia. Simu ilipokatika Novatus alikuwa bado ameshika lile ini, ananingoja.

"Maji ni safi," nikamwambia. "Mafuta yaliyoonekana ni ya mnyoo mwenyewe."

"Yetu hayamo?"

"Hayamo."

Aliliweka ini kwenye meza, akanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko. Halafu akasema, "Basi mtoto atavaa joho."

Nililia palepale karoni, nimevaa koti la kazi, mbele ya wachinjaji niliowakemea miaka yote, na sikuona haya hata kidogo.